Kanada Ina Barabara Moja, na Mama Mdogo Anakaa Katikati Yake

Tangazo lilitoka Jumatano, saa nane usiku kwa saa za huku. Mwenzenu nilikuwa kazini, shifti ya usiku, nimejifungia chooni kama kawaida yetu wabeba boksi tukitaka kuchungulia simu. Bango limejaa moto na almasi, staa kasimama katikati, na chini yake miji sita: Montreal, Toronto, Winnipeg, Calgary, Edmonton, Vancouver. Shoo sita, wiki tatu, mwezi wa kumi. Nilipiga kelele mpaka msimamizi akaja kugonga mlango akidhani nimeanguka.

Jina lake silitaji, na nyie msinilazimishe. Mnamjua. Yule dada wa Bongo ambaye akitoa wimbo wa kuachwa, hata walioolewa jana wanalia. Bifu zake, ndoa zake, ile gari iliyokuja kuchukuliwa na wenyewe, hayo yote mnayo na leo siyo zamu yake. Leo ni stori ya sisi tunaomfuata.

Maana niliamua pale pale chooni: naenda zote sita.

Kabla hujanicheka, ngoja nikueleze. Shoo za wasanii wetu huku ughaibuni zina taratibu zake. Bango linasema milango ni saa tatu usiku. Ukifika saa tatu unamkuta fundi anafunga spika na mama mmoja anapanga sambusa. DJ anarudia nyimbo zile zile mpaka saa saba na nusu, ndipo staa anaingia na miwani ya jua, anaimba dakika arobaini juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, anapiga picha na waliolipia meza, kwisha habari. Mwaka juzi nililipa dola 80 kuangalia mgongo wa bodigadi. Safari hii bango liliandika bendi kamili, watu tisa, vyombo vya kweli. Na mie huu mwaka wa sita sijakanyaga Dar. Karatasi zangu ziko kwenye foleni, nikitoka sina uhakika wa kurudi. Sasa nyumbani kumepanda ndege kunifuata, ningekaaje kitako?

Tuko watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili ni rafiki yangu wa Mombasa, anasomea uuguzi, msafi kuliko hospitali yenyewe, sisi tunamwita Mombasa basi. Wa tatu tunamwita Yaya, Mkongo wa Bukavu, na kwao yaya ni dada mkubwa, siyo mlea watoto, msije mkamkosea adabu. Yaya ndiye mwenye gari. Na bahati ikadondoka yenyewe: Yaya alikuwa anahama Toronto kwenda Edmonton, kapata kazi, na kodi za nyumba kule zina nafuu. Gari lazima lifike Alberta kwa vyovyote. Tukasema si ndiyo hivyo, tunapanda na vyombo vyake.

Kikao cha kwanza kilikuwa chumbani kwa Mombasa, chai ya maziwa na mahamri, ramani kwenye simu. Kwenye simu Kanada ni kidole na nusu. Mombasa akauliza kwa upole, "Kwani kutoka hapa hadi Vancouver waenda siku ngapi?" Tukaandika. Kilomita 4,400. Tukafuta, tukaandika tena tukidhani tumekosea. Kumbe hapo ni kutoka Toronto, Montreal iko nyuma yetu kilomita 540 kwa upande mwingine.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza nilipokuja ni kwamba mkoa peke yake huku unaweza kukumaliza. Ukitoka Toronto kwenda Thunder Bay ni kilomita 1,400 hivi, kama umetoka Dar ukaenda kulala Bukoba. Na ukifika Thunder Bay bado uko Ontario! Mkoa ule ule ulioamkia. Unaendesha nusu siku nyingine ndipo unaona kibao cha Manitoba. Yaya aliiangalia ramani muda mrefu, akasema, "Hii si inchi. Hii ni adhabu."

Tukajaribu njia nyingine. Mabasi ya Greyhound, ambayo wakubwa zetu waliokuja zamani wanayasimulia sana, yaliacha kwenda magharibi mwaka 2018, na mwaka 2021 yakafunga kabisa Kanada. Kuna treni, inatoka Toronto hadi Vancouver, usiku nne, mara mbili kwa wiki, inapita kwenye milima ya kwenye kalenda. Bei ya kitanda niliisoma nikafunga simu kwanza. Halafu reli yenyewe sehemu kubwa ni ya watu wa mizigo, kwa hiyo abiria mnasimama porini kupisha makontena. Na treni hiyo haipiti Calgary, iliacha kupita huko tangu Januari 1990, inazungukia Edmonton. Ndege kwa mji mmoja mmoja, watu watatu? Tukacheka tukanywa chai.

Hapo hapo nikiwa natafuta treni nikakutana na stori moja iliyonifurahisha. Kiangazi cha 1970 mapromota wa huku walikodi treni nzima, wakapakia wasanii humo: Janis Joplin, Grateful Dead, The Band na wengine. Wakawa wanapiga muziki behewani usiku na mchana, wakifika mjini wanashuka wanapiga shoo, wanapanda tena. Vinywaji vikawaishia njiani, treni ikasimama Saskatoon wakachanga hela wakaenda kununua. Hadi filamu ipo, ilitoka 2003. Na orodha yao ya miji ilikatwakatwa vile vile. Zikabaki tatu: Toronto, Winnipeg, Calgary. Kumbe ziara za Kanada kupungua njiani ni ugonjwa wa siku nyingi.

Basi ikabaki barabara. Na hapa ndipo mambo yangu yalipoanza kuharibika.

Wenye paspoti ya Kanada wakienda magharibi wengi wanakatiza Marekani, wanapita chini ya maziwa makubwa, barabara pana, mafuta bei poa. Sisi wawili ni paspoti za kwetu, na viza ya Marekani ni safari nyingine kabisa ya machozi. Kwa hiyo lazima tupite juu, ndani ya Kanada. Na huko juu, kuna sehemu inaitwa Nipigon, njia zote zinakutana zinakuwa moja. Nasema moja. Januari 2016 daraja la pale, jipya, halijamaliza hata miezi miwili tangu waanze kulipitia, lilinyanyuka upande mmoja kwenye baridi na upepo. Likafungwa. Malori yakapanga foleni huku na huku, na nchi nzima ikawa haina barabara ya kuiunganisha mashariki na magharibi mpaka walipofungua njia moja. Nchi ya pili kwa ukubwa duniani, imeshikiliwa na daraja moja kama begi lililokatika mkanda.

Hakuna njia ya panya. Ukishavuka Nipigon unaenda Thunder Bay, ukitoka Thunder Bay unaenda Kenora, na ukitoka Kenora, utake usitake, unatokea Winnipeg.

"Vizuri sana," Mombasa akasema. "Si ulisema una ndugu Winnipeg? Tutalala kwake."

Nikasema ngoja niongeze maji ya chai.

Sasa nyie nawaambia ukweli wote, maana nimeshaanza. Nilipofika Kanada sikufikia Toronto. Nilifikia Winnipeg, mwezi wa kwanza, nyuzi 31 chini ya sifuri, na koti nililonunua Kariakoo ambalo muuzaji aliniapia ni la Ulaya. Aliyenipokea ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu tumbo moja. Alikuja uwanja wa ndege na koti la pili mkononi, buti, na soksi nene alizozivaa yeye kwanza ndani ya gari ili zipate joto. Alinivalisha pale pale kama mtoto wa chekechea. Nilikaa kwake miezi kumi na minne, chumba cha chini ya nyumba, bila kulipa kodi.

Yeye anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, usiku. Jumamosi asubuhi akitoka kazini halali kwanza. Anakanda unga, anachoma maandazi, na anaweka nyimbo za huyu staa wetu. Sauti juu kabisa, majirani Wafilipino wakawa wanazijua. Mimi zamani huyu staa nilikuwa namwona wa kawaida. Nilimpendea jikoni kwa mama mdogo.

Muhula wa tatu ada ikanishinda. Nyumbani walikuwa wamekwama, chuo kikanipa wiki mbili, na ukifukuzwa chuo kibali cha kukaa kinaenda nacho. Mama mdogo alikuwa na zamu yake ya kikoba mwezi ule, dola 1,900. Alitaka kwenda nazo Tanga kumaliza kaburi la babu. Akanipa zote. Nikamwambia nitamlipa kidogo kidogo, mwaka hautaisha.

Mwaka ukaisha. Nilipata kazi nikawa natuma nyumbani, mdogo wangu anasoma, na kila mwezi najiambia mwezi ujao. Yeye hakuniuliza hata siku moja, na kule kutoulizwa ndiko kukawa kunanichoma. Nikawa nampita kwenye ngazi kama mpangaji. Halafu rafiki mmoja akaniambia Toronto kuna kazi. Nikakata tiketi ya ndege. Niliondoka asubuhi akiwa hajarudi kazini. Nikaacha karatasi kwenye friji: nimepata kazi, nitakupigia.

Nilimpigia baada ya wiki tatu. Na ndani ya hizo wiki tatu yeye alikuwa ameshaandika kwenye kundi la ukoo, watu 64, shangazi, wajomba, mpaka binamu walioko Muscat, kwamba amefuga nyoka. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Siku hiyo nilimbloku, nikatoka na kwenye kundi lenyewe. Miaka minne sasa.

Mimi najua nilikosea. Lakini na yeye, jamani, watu 64? Hapo bado hatujaelewana mie na moyo wangu.

Basi chai ilivyorudi nikawasimulia. Yaya akasema, "Weye njo unaogopa mama yako mudogo? Tupite Winnipeg usiku, tuzime taa za gari?" Akacheka mpaka akakohoa. Mombasa hakucheka. Aliniuliza swali moja tu. "Hizo pesa za watu, walipa lini?"

Nikasema nina 2,600 benki lakini hizo ni za ziara.

"Aha," akasema. Akaendelea kumenya machungwa.

Hiyo "aha" ilinikosesha usingizi siku mbili. Nilikuwa nimeshapiga hesabu vizuri. Mafuta yangu theluthi moja, chakula, gesti usiku tatu nne, tiketi sita za shoo, ndege ya kurudi kutoka Vancouver, jumla 2,400 na chenji. Hela ilikuwa inatosha kabisa, ilimradi usifikirie kitu kingine chochote. Nikiandika 1,900 pembeni, inabaki 700. Ukiwa na 700 Kanada hufuati ziara, unafuata basi la jiji.

Nikaanza kukata. Montreal nikaifuta, tunarudi nyuma kufanya nini. Vancouver nikaifuta na roho inauma, kwa sababu shoo ya Edmonton ilikuwa Ijumaa na ya Vancouver Jumamosi, zaidi ya kilomita 1,100, na shoo zetu zinaisha alfajiri. Staa atapanda ndege. Sisi tungelazimika kuondoka ukumbini moja kwa moja na kope za bandia, kuingia milimani usiku bila kulala. Halafu British Columbia kuanzia tarehe 1 Oktoba barabara nyingi za milimani hupiti bila matairi ya msimu, yawe na alama ya M+S au ile ya mlima na theluji. Mombasa akasema yeye Vancouver atapanda ndege kivyake, ana shangazi huko. Poa. Nikauza na koti langu moja la ngozi, nikachukua shifti za Jumapili wiki tano mfululizo, nikaacha kununua chakula kazini. Shoo sita zikawa nne: Toronto, Winnipeg, Calgary, Edmonton. Ndege ya kurudi nikaitafutia kule kule Edmonton, ya saa kumi na moja alfajiri ambayo hakuna mtu mwenye akili anaitaka.

Kisha ikabidi nipige simu.

Nilimfungua bloku Jumamosi asubuhi, kwa makusudi, saa ambayo najua ametoka kazini. Iliita mara mbili.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama mdogo."

Kimya. Nyuma yake nasikia mafuta yanachemka. Na nyimbo, jamani, nyimbo zile zile.

"Marahaba," akasema. "Umekula?"

Saa tatu asubuhi, miaka minne, swali la kwanza umekula. Nikasema nimekula, na nilikuwa sijala. Nikamweleza haraka haraka kama mtu anayesoma tangazo: tunakuja, tuko watatu, mabinti, tunafika Alhamisi jioni, shoo Ijumaa, tunaondoka Jumamosi, tunaomba hata sakafu. Nikamaliza na, "Na ile hela yako mama mdogo ninayo."

"Uje nayo," akasema. "Usitume kwa simu. Uje nayo mkononi."

Hakusema haidhuru mwanangu, hakusema mambo ya zamani. Uje nayo. Ukweli ni kwamba nilipumua. Angesema amenisamehe ningerudi kumkimbia.

Halafu akaniuliza gari lina matairi gani. Nikasema sijui. Akanifokea dakika nzima kuhusu matairi, na ile nyoka ya kwenye kundi la ukoo haikutajwa, si na yeye si na mimi. Mwisho akasema yeye ameshakata tiketi zamani, na wenzake wa kikoba, wako kumi na mbili, wanashona sare. Kitenge cha zambarau. "Huyo ni mtu wetu," akasema, kama vile nyie wengine mmemsikia juzi.

Tangu siku hiyo mipango ikawa mipango ya kweli. Yaya alikuwa na kidaftari. Safari ya Toronto hadi Winnipeg inakatika vipande vitatu vinavyokaribia kulingana kama ugali: Toronto hadi Sault Ste. Marie kilomita 700, hapo hadi Thunder Bay 700, hapo hadi Winnipeg 700. Tunatoka Jumanne alfajiri, tunafika Alhamisi. Sheria ya kwanza ya mama mdogo, ambaye sasa anapiga simu kila siku, ni kwamba giza likiingia gari linasimama. Huko kaskazini kuna moose, mnyama mkubwa kama pofu, miguu mirefu, rangi ya kiza. Ukimgonga miguu inakatika chini na mwili wote unakuja kioo cha mbele. Sheria ya pili, tenki likifika nusu unajaza, maana sheli ukiikosa unaweza kwenda mwendo wa Chalinze hadi Morogoro na zaidi hujaona nyingine, na simu haina mtandao. Sheria ya tatu ilikuwa ya Mombasa: hakuna samaki ndani ya gari.

Tumepanga kusimama Wawa kupiga picha na lile sanamu kubwa la bata bukini, ambalo la kwanza lake lilisimamishwa 1960 barabara ilipokamilika kuzunguka ziwa Superior. Fikiria, mpaka 1960 huwezi kupita hapo kwa gari! Na nje ya Thunder Bay kuna sanamu ya Terry Fox, yule kijana wa mguu mmoja wa bandia aliyekimbia kutoka pwani ya mashariki mwaka 1980 kuchangisha hela za saratani. Siku 143, kilomita 5,373, mpaka ugonjwa ulipomrudia ukamsimamisha hapo. Kila nikilalamika kuhusu kiti cha nyuma Yaya ananiambia kuna mutu alipita huku kwa muguu moya.

Chapati 60 zimeshagawanywa nani anapika ngapi. Kuku wa kukaanga, mayai, chupa mbili za chai. Likizo niliomba, nikapewa zote, wiki zangu mbili za mwaka mzima.

Wiki mbili kabla ya safari, Jumatatu usiku, niko tena chooni kazini, bango jipya. Moto ule ule, almasi zile zile, lakini miji mitano. "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Winnipeg hakuna. Tiketi zitarudishwa, haikusemwa lini.

Nilikaa pale juu ya kifuniko sijui dakika ngapi. Na nitawaambia kitu cha aibu: kitu cha kwanza kilichonipitia kichwani kilikuwa nafuu. Sasa hakuna shoo. Tunaweza kutoka Toronto Alhamisi badala ya Jumanne, tukapita Winnipeg saa nane mchana, tukajaza mafuta, tukaendelea. Siku mbili za likizo zinabaki. Hela ningeituma kwa simu, si ameipata? Nilikuwa nimeshafungua kidaftari cha Yaya kwenye simu nianze kubadilisha tarehe.

Simu ikaita humo humo chooni. Mama mdogo, yuko kazini na yeye, ananong'ona. Nyuma kuna mzee anaita nesi, nesi.

"Umeona?"

"Nimeona mama mdogo. Pole sana."

"Sare zimeshashonwa," akasema. "Kumi na mbili. Wenzangu wamekasirika wanasema watazivalia kwenye harusi ya mwezi wa kumi na mbili." Akanyamaza kidogo. "Hilo gari lenu lina viti vingapi?"

Nikasema vitano.

"Na Calgary ni Jumapili."

"Ni Jumapili, ndiyo."

"Kilomita 1,330," akasema, kumbe na yeye alikuwa na ramani. "Mkija Alhamisi mnapumzika, Jumamosi alfajiri tunatoka, tunalala njiani, Jumapili mchana tumefika. Nirudi na ndege Jumatatu, usiku niingie kazini. Mimi nakaa mbele, goti hili halikunji. Na nani huyo anayeendesha, Mkongo? Anaendesha kwa spidi gani?"

Nikafuta nilichokuwa nimeanza kuandika kwenye kidaftari. Jumanne ikabaki Jumanne.

Yaya nilipomweleza alinung'unika kwa sababu kiti kimoja kilikuwa cha televisheni yake. Sasa televisheni inaenda Edmonton kwa kampuni ya mizigo, dola 140, tumechanga. Mombasa kafurahi kuliko wote, anasema afadhali mtu mzima ndani ya gari, sisi wawili hatuna adabu. Na mie nimebadilisha zile 1,900 kuwa noti, nimeziweka kwenye bahasha, bahasha ndani ya soksi, soksi ndani ya begi ambalo kila usiku naamka kuliangalia.

Jana kanitumia ujumbe wa sauti. Kitenge cha zambarau kimebaki, kinatosha watu watatu, fundi wake anataka vipimo leo leo: mabega, kifua, kiuno, urefu. Hakuna kati yetu mwenye futi ya fundi. Tumepimana kwa waya wa chaji. Mombasa anataka dera, hataki kubanwa. Mimi kiuno nimetoka nusu waya na vidole vinne. Yaya kakataa kupimwa mbele yetu, kaingia bafuni na waya wake, katoka kasema andika, waya moja bila kidole.

Nikamtumia mama mdogo yote kama yalivyo. Kajibu saa hiyo hiyo, kwa sauti, nasikia na wenzake wa kikoba wanacheka nyuma.

"Huo waya wenyewe una urefu gani?"